Nani Kamwaga Unga?

Kiswahili kina msemo mmoja ambao kila nikiusikia nahisi kuna mtu ananizunguka. Mtu akipoteza kazi tunasema amemwaga unga. Hebu uangalie vizuri. Mtenda ni nani hapo? Ni huyohuyo aliyepoteza kazi. Unga ulikuwa mkononi mwake, kauachia, umemwagika, na watoto watalala njaa kwa uzembe wake. Meneja aliyetia sahihi hayumo kwenye sentensi. Bodi haimo. Wenye hisa ndio hawamo kabisa.

Wasomaji wa Kenya watanikumbusha kwamba kuna "kupigwa kalamu", na huo angalau unakiri kuwa kuna aliyepiga. Sawa, lakini ni kauli ya kutendwa: kalamu tunaiona, mkono hatuuoni. Halafu kuna "kuachishwa kazi", kitenzi kilekile tunachokitumia kwa mtoto anayeachishwa ziwa, kana kwamba mfanyakazi alikuwa ananyonya tu na sasa amekua, akajitafutie ugali.

Ninachotaka kusema ni hiki: kampuni inapopunguza watu huku ikiogelea kwenye faida, kabla ya kuwa swali la uchumi, hilo ni swali la sarufi. Mtenda ni nani? Na kama ni swali la sarufi, basi linatuhusu sisi wasomaji, wala tusiwaachie wahasibu peke yao.

Tuanze na matini yenyewe. Tarehe 20 Januari 2023, Sundar Pichai, mkurugenzi mkuu wa Google na kampuni mama yake Alphabet, aliwaandikia wafanyakazi wake barua pepe, na kampuni ikaiweka hadharani. Nimeisoma mara kadhaa, polepole, kama ninavyosoma shairi. Habari ndani yake ni kwamba nafasi 12,000 hivi zinaondolewa. Nafasi, si watu. Nafasi haina mkopo wa nyumba, haina mama mgonjwa, haina mtoto wa darasa la tatu. Barua ina masikitiko na shukrani, na kuna pahala mwandishi anasema kwamba anabeba dhamana yote ya maamuzi yaliyowafikisha hapo.

Msomaji wa haraka atashangilia: si huyo, mtenda kapatikana! Ngoja kwanza. Katika riwaya, mhusika akisema lawama ni zangu, tunafunua ukurasa unaofuata kuona inamgharimu nini. Tufunue. Kwa mwaka 2022 Alphabet ilipata faida halisi ya karibu dola bilioni 60. Aprili 2023 bodi yake iliidhinisha hadi dola bilioni 70 za kununua hisa za kampuni hiyohiyo. Hisa zilizo sokoni zikipungua, kila inayobaki huelekea kuwa na thamani zaidi kwa mwenye nayo. Taarifa za kampuni zikaonyesha kuwa malipo ya Pichai kwa mwaka 2022 yalifika kama dola milioni 226, sehemu kubwa ikiwa tuzo ya hisa. Nao baadhi ya walioondolewa walijua habari zao pale akaunti zao za kazi zilipokataa kufunguka.

Tuwe waadilifu. Waliokuwa Marekani waliahidiwa mshahara wa wiki 16, na wiki mbili za ziada kwa kila mwaka waliotumikia. Si haba, wengi wetu hatujawahi kuona kiinua mgongo cha aina hiyo. Lakini fidia ni jambo moja, na dhamana ni jingine. Dhamana isiyomgusa anayeibeba ni pambo la lugha. Darasani tungeiita tafsida, tukaendelea na kipindi. Mimi naona ni zaidi ya hapo: hii ni tafsida inayojifanya ungamo.

Mtindo huu wa kuandika una babu zake. Tarehe 13 Septemba 1970 mchumi Milton Friedman alichapisha insha katika jarida la New York Times akidai kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, ilimradi ifuate kanuni za mchezo. Muongo uliofuata, Jack Welch alishika uongozi wa General Electric mwaka 1981, na ndani ya miaka michache ajira zaidi ya laki moja zikawa zimeondoka. Watu wakambandika jina la Neutron Jack, kwa bomu la nyutroni linalosifika kuua watu na kuacha majengo yamesimama. Jina lile nalipenda kama mhakiki. Lilifanya kile ambacho taarifa za kampuni zilikwepa kukifanya: lilimrudisha mtenda kwenye sentensi, na kumpa sura.

Fasihi imekuwa ikiifanya kazi hiyo muda mrefu. Chukueni tamthilia ya Arthur Miller, Death of a Salesman, ya mwaka 1949. Willy Loman, mchuuzi aliyezeeka barabarani, anaingia ofisini kwa Howard, kijana aliyeirithi kampuni kutoka kwa baba yake. Willy alikuwepo Howard alipozaliwa. Anaomba apewe kazi ya hapohapo mjini, na mshahara anautaja mwenyewe ukishuka: dola 65 kwa wiki, kisha 50, kisha 40. Howard anashughulika na kinasa sauti chake kipya, anataka Willy asikie sauti za watoto wake. Mwisho kazi inakwisha palepale. Ni onyesho chungu, lakini tazameni: mtenda yuko chumbani. Ana jina, ana kiti, na inambidi amtazame mzee usoni. Aibu ina mahali pa kukaa.

Miaka 58 baadaye, mwaka 2007, Joshua Ferris akatoa riwaya yake Then We Came to the End, kuhusu wakala wa matangazo mjini Chicago unaopunguza watu mmoja mmoja. Uamuzi wake mkubwa wa kifani ni msimulizi: kitabu karibu chote kinasimuliwa na "sisi". Sisi tunasengenya, sisi tunagombania viti vya walioondoka, sisi tunaogopa namba zilizoandikwa kwenye viti hivyo zisije zikatufichua. Inachekesha mpaka unapogundua kwamba kila anayepunguzwa anatoka ndani ya "sisi" na kuwa "yeye", na usimulizi unaendelea bila kutetereka. Ferris anatuuma mahali pasipo raha. Mtenda hayumo tu kwenye barua ya mkurugenzi. Anajificha pia katika kimya chetu sisi tuliobaki, tunaoshukuru Mungu na kusogeza kiti.

Nikitoka huko narudi nyumbani, kwenye Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya 1979 inayomfuata Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa 1948. Kuli anateseka kuliko mfanyakazi yeyote wa Chicago, hilo halina mjadala. Lakini ana kitu ambacho wahusika wa Ferris hawana: anajua bandari iko wapi. Wakikunja mikono, mizigo inabaki melini. "Sisi" ya Kuli inajengwa ukurasa kwa ukurasa, kwa woga na kwa ubishi, mpaka inakuwa mtenda. Ile ya Ferris inamomonyoka tu.

Sasa, mfanyakazi wa leo Nairobi yuko kwenye riwaya ipi? Januari 2023, mwezi uleule wa barua ya Pichai, kampuni ya Sama ilitangaza kwamba inaachana na kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook iliyokuwa ikiifanya Nairobi kwa niaba ya Meta. Watu 260 hivi waliguswa: vijana waliokuwa wakitazama picha na video za kutisha kutwa nzima ili mimi na wewe tusizione. Baadaye, 184 kati yao walikwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi wakidai wameondolewa kinyume cha sheria. Meta ikajitetea kwamba yenyewe si mwajiri wao, na kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Mnaona? Mahakimu wanaulizwa swali letu lilelile. Mtenda ni nani? Anayetia sahihi mkataba, au yule ambaye kazi inafanywa kwa ajili yake na faida inamwendea? Meta ilikuwa imetoka kupata faida ya kama dola bilioni 23 kwa mwaka 2022. Kuli wa Shafi alikunja mikono mbele ya meli. Wale 184 ilibidi kwanza wathibitishe kwamba meli ipo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Faida ya mwaka jana haikuhakikishii kesho. Kampuni iliyoajiri kupita kiasi wakati wa korona ikikataa kujipanga upya, huenda ikaja kuwaangusha wote. Ajira si ndoa, na hata ndoa huvunjika. Nakubali yote hayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo, katika kifungu cha 40, inaruhusu kupunguza watu. Ila inadai notisi ya mwezi mmoja, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Yaani sheria haisemi usipunguze. Inasema: ukipunguza, jieleze kwa mtu, kwa jina lake.

Ndicho kipimo ninachokipendekeza. Andika sentensi ile kwa kauli ya kutenda: "Mimi, mwenye bilioni 60 mfukoni, nimekuondoa wewe, fulani, ili hisa zangu zipande." Kama unaweza kuiandika, ukaisoma kwa sauti mbele ya huyo fulani na bado ukaona ni haki, basi tubishane kuhusu uchumi. Kama huwezi, tatizo halikuwa soko.

Kwa hiyo namsubiri mwandishi wa Kiswahili atakayeiandika riwaya ya ofisi: ya kompyuta inayokataa nywila saa mbili asubuhi, ya kundi la WhatsApp linalonyamaza ghafla, ya askari wa getini anayejua majina ya walioondoka kabla wenyewe hawajajua. Lugha tunayo, na mfano wa Kuli tunao. Akianza kuiandika, namwomba kitu kimoja tu: asiniambie kwamba unga umemwagika. Aniambie nani kaupiga teke.