Fahamu na Ufahamu: Uhakiki wa Makala Mawili juu ya Akili ya Mashine

Katika kila mtihani wa Kiswahili tunaoutunga mna sehemu iitwayo Ufahamu. Mwanafunzi husoma kifungu, kisha hujibu maswali. Akijibu sawasawa twasema ameelewa. Lakini hospitalini, mgonjwa aliyezimia husemwa kuwa amepoteza fahamu, na afumbuapo macho jamaa zake humshukuru Mungu kuwa fahamu zimemrudia. Maneno haya mawili yametoka katika shina moja, wala hayana maana moja. La kwanza lahusu kuelewa maneno; la pili lahusu kuwa macho, kuona, kusikia na kuumwa. Tumetanguliza haya kwa sababu mjadala wa siku hizi, kwamba mashine yaweza kuwa na fahamu au haiwezi, hurejea mara kwa mara kwenye makala mawili ambayo kwa hakika yanahusu ufahamu. Yafaa walimu wa lugha wayahakiki, maana mifano yake ni ya darasani.

Makala ya kwanza yaliandikwa na Mwingereza Alan Turing mwaka 1950. Alitaka tuache kuuliza kama mashine hufikiri, badala yake tuijaribu kwa mchezo: mwulizaji aulize kwa maandishi, asiwaone wanaomjibu, kisha ajaribu kutambua yupi ni mtu na ipi ni mashine. Mwaka uliotangulia, daktari mpasuaji Geoffrey Jefferson alikuwa amesema kuwa hatakubali mashine ni sawa na ubongo mpaka itunge shairi kutokana na mawazo na hisia zake yenyewe. Turing alimjibu kwa mfano wa mtihani wa mdomo. Mtunzi aliyemfananisha mpenzi wake na siku ya kiangazi aulizwa kwa nini hakutaja siku ya majira mengine. Naye ajibu kuwa mizani ingevunjika. Kwa maswali ya namna hiyo, asema Turing, mtahini hutambua kama mtu ameelewa au amekariri kama kasuku.

Makala ya pili ni ya Mmarekani John Searle, mwaka 1980. Searle ajiwazia amefungiwa chumbani, naye hajui Kichina hata neno moja. Anacho kitabu cha kanuni kilichoandikwa kwa Kiingereza. Karatasi za Kichina zaingizwa. Yeye alinganisha maumbo ya herufi, afuata kanuni, atoa karatasi nyingine. Walio nje husoma majibu na kudhani kuwa ndani yumo Mchina. Hata hivyo hakuelewa lolote. Basi, asema Searle, kufuata kanuni za programu hakutoshi kuleta ufahamu. Wapinzani wake walidai kuwa mtu peke yake haelewi, bali chumba kizima ndicho kielewacho. Akawajibu kwamba hata akikihifadhi kitabu chote kichwani, bado Kichina hatakijua.

Hoja hii ina nguvu, na sisi tunaofundisha Kiswahili kaskazini mwa Uganda twaijua kwa macho. Wengi wa wanafunzi wetu wamelelewa katika Kiacholi, lugha isiyo na ngeli kama zetu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona neno lianzalo kwa ki-, hutazama jedwali daftarini, akaandika: “Kitabu changu kimepotea.” Upatanisho ni sahihi, twampa alama yake, naye hana habari ya kitabu wala ya kupotea. Huyu ndiye mtu wa Searle. Lakini tumemwona mwanafunzi huyohuyo, miezi baadaye, akija mbio mlangoni petu na kutamka sentensi ileile bila jedwali, kwa kuwa kitabu chake kimepotea kweli. Kanuni hazikubadilika, sentensi ndiyo iliyompata mwenyewe. Hapa twaona upungufu wa Searle. Kisa chake humfungia mtu na karatasi tu, asipotewe na kitu wala asihitaji kitu kwa lugha ile. Aliwajibu waliotaka mashine ipewe viungo na macho kwamba hizo nazo zingekuwa alama tu. Lakini hakutueleza jinsi mwanafunzi wetu alivyovuka.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, na umo katika makala yote mawili. Mwanafunzi apataye sifuri katika Ufahamu hajapoteza fahamu. Saa sita njaa humwuma kama imwumavyo aliyepata mia. Mbuzi aliyefungwa uani haelewi sentensi hata moja, na kamba ikimkaza shingoni huumia. Basi mtihani wa maneno, ukifaulu au usipofaulu, haupimi kuumwa.

Jambo hili si la nadharia tu. Mwezi Juni 2022, Blake Lemoine, mhandisi wa Google, alitangaza kuwa programu iitwayo LaMDA ina hisia. Kampuni ilikanusha, na mwezi uliofuata akaachishwa kazi. Ushahidi wake ulikuwa mazungumzo. Sisi tuliwahi kusahihisha insha juu ya kifo cha bibi, tukafuta machozi. Wiki mbili baadaye tulimkuta bibi huyo sokoni, mzima, akiuza mihogo. Kijana alikuwa amekusanya maneno ya msiba kutoka vitabuni. Insha ilistahili alama zake. Ila haikuwa ushahidi wa msiba. Mashine za leo zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na humo yamo yote tuliyoyasema juu ya uchungu na hofu. Zikisema zaumia, twasikia sauti yetu ikiturudia, na hatuwezi kujua kwa maneno hayo pekee kama ndani mna kitu.

Ndiyo maana wataalamu wamegeukia namna kitu kilivyoundwa. Bernard Baars, mwaka 1988, alieleza kuwa fahamu hutokea habari inapotangaziwa sehemu zote za akili, mfano wa mbiu inayosikiwa na kijiji kizima. Giulio Tononi, mwaka 2004, alisema fahamu ni kiasi cha habari iliyofungamana kuwa kitu kimoja. Kwa nadharia yake kompyuta ya kawaida haina fahamu ya maana, iseme itakalo. Mwaka 2023 wataalamu 19, wakiongozwa na Patrick Butlin na Robert Long, walitoa dalili 14 za kuchunguzwa ndani ya mashine. Walihitimisha kuwa katika mashine za wakati ule hapakuwa na iliyo karibu kustahili kuitwa yenye fahamu, ila hawakuona kizuizi dhahiri cha kuunda mashine yenye dalili hizo. Njia yao twaisifu. Hata hivyo walianza kwa kukubali, kama msingi wa kazi, kuwa hesabu za namna fulani zatosha kuleta fahamu. Hilo ndilo hasa Searle alilolikana, na dalili 14 haziwezi kulithibitisha.

Twawasihi wenzetu wafasiri na waandishi wa vitabu vya shule waliweke neno fahamu mahali pake na ufahamu mahali pake. Kuyachanganya kuna madhara mawili. La kwanza ni kumhurumia msemaji hodari asiyeumwa. La pili, nalo ndilo tunaloliogopa zaidi, ni kumsahau aumwaye asiyeweza kusema. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu baada ya ajali. Walimwambia awaze kuwa anacheza tenisi, kisha awaze kuwa anatembea nyumbani kwake; picha za ubongo wake zilifanana na za watu wazima wa afya. Mwanamke huyo asingejibu swali hata moja katika mtihani wetu wa mdomo. Alikuwamo.