Mwandishi hana deni la kufasiri kazi yake mtandaoni

Mnamo 1967, mhakiki Mfaransa Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi. Kwa ufupi, alidai kuwa kazi ikishatoka mikononi mwa mtunzi, maana yake huzaliwa kwa msomaji, na nia ya mtunzi haina tena mamlaka ya kuamua mambo. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu huikariri hoja hiyo usiku wa kuamkia mtihani wa nadharia za uhakiki, kisha wakaisahau.

Lakini marehemu amefufuka. Siku hizi ana akaunti ya Facebook, yumo katika vikundi chungu nzima vya WhatsApp, na saa tano za usiku simu yake inalia: “Habari ya jioni mwalimu. Naomba muktadha wa dondoo hili na mbinu zilizotumika. Ni haraka, kesho tuna mtihani.” Hajapepesa macho, na ujumbe mwingine umeingia, huu ukiwa wa mtu mzima kabisa anayedai kwamba mhusika fulani alichorwa kwa makusudi ili kuitusi jamii yake. Mwandishi ajibu lipi kwanza?

Waandishi ninaojuana nao, hasa wale ambao vitabu vyao vimewahi kuteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, hunieleza kwamba kinachowachosha zaidi si matusi. Matusi yana dawa. Unamfungia mtu njia na maisha yanaendelea. Kinachowamaliza ni maswali ya heshima yasiyokwisha, yanayomtaka mtunzi awe mwongozo wa kitabu chake mwenyewe. Akinyamaza, anaambiwa anaringa. Akijibu, jibu lake linapigwa picha ya skrini na kusambazwa kama amri: “Mwandishi mwenyewe amesema!” Hapo mjadala darasani umekufa. Mwanafunzi aliyekuwa na tafsiri yake, pengine nzuri kuliko ya mtunzi, anaifuta.

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba mwandishi ajiondoe mitandaoni arudi kwenye meza yake. Huo ni ushauri wa watu ambao hawajawahi kuuza diwani ya mashairi nchini Kenya. Maduka yetu mengi ya vitabu huishi kwa vitabu vya kiada. Kitabu kisichotahiniwa hukaa rafuni kikila vumbi, kama kilipata rafu. Mtunzi anayetangaza kitabu chake WhatsApp, akapokea pesa kwa M-Pesa na kukituma Kitale au Voi kwa matatu, hafanyi anasa. Huo ndio mnada wake. Kumwambia afunge akaunti ni sawa na kumwambia afunge kibanda.

Kwa hivyo tutenganishe kazi mbili ambazo simu imezichanganya. Kuuza na kutangaza ni kazi moja. Kutetea na kufasiri ni nyingine, na hii ya pili, naona, mwandishi hana deni nayo. Akiulizwa kitabu kinapatikana wapi, bei gani, au kama ukurasa uliokosewa chapa umerekebishwa, ajibu upesi na kwa ukarimu. Akiulizwa anwani inamaanisha nini, amrudishie msomaji kitabu chake. Anaweza hata kuandika jibu moja la adabu, alihifadhi, na kulibandika kila mara: “Asante kwa kunisoma. Hilo nimewaachia wasomaji, ninyi mwaonaje?” Si kiburi hicho.

Kuna watakaosema kwamba fasihi ya Kiswahili imejengwa juu ya malumbano, na kwamba anayekwepa mjadala ni mwoga. Ni kweli tulilumbana. Mulokozi na Kahigi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka wa 1973, na Kezilahabi akafuata na Kichomi mwaka wa 1974, wanamapokeo waliwaka moto. Maneno yalikuwa makali. Walifika hadi kusema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi kamwe. Lakini tuangalie mwendo wake. Aliyetaka kumjibu mwenzake aliketi, akaandika makala au utangulizi wa kitabu, akampelekea mhariri, akangoja. Mhariri alifuta mengine. Hasira ilipoa njiani, hoja ikafika. Ndiyo maana hadi leo tunaufundisha mgogoro ule. Sidhani kuna atakayefundisha yale maoni mia mbili yaliyorundikana chini ya shairi moja Jumapili alasiri, ambapo nusu ya wachangiaji hawakulisoma.

Tena jambo jingine, nalo ni la hatari kwa chipukizi: kupakia mswada ambao bado unapikwa. Sura ya kwanza inapakiwa, mioyo na makofi yanamiminika, na mtunzi anaanza kuandika sura ya pili kwa ajili ya makofi hayo. Nimesoma hadithi kadhaa za namna hii. Kila sura huisha kwa kishindo, kwa kuwa kishindo ndicho kinachopendwa, na katikati hakuna mtu anayeishi. Mswada uonyeshwe wasomaji wawili au watatu wenye ujasiri wa kusema “hapa umeharibu.”

Mengine ni madogo ila yanasaidia. Kikundi kinaweza kunyamazishwa. Alama za samawati zinazomwonyesha mtu kuwa umesoma ujumbe wake zinaweza kuzimwa katika mazungumzo ya watu wawili. Facebook inaruhusu kuchagua nani atoe maoni. Mauzo yatengewe saa moja ya mchana.

Nanyi walimu wenzangu, tafadhali acheni kuwagawia watahiniwa nambari za waandishi. Swali la ufaafu wa anwani lina alama ishirini. Zitafutwe darasani, kitabu kikiwa wazi mezani.