Pembe Isiyomwaga Mazao: Uhakiki wa Ishara ya Pembe ya Neema katika Mwambao wa Bagamoyo

Pembe ya neema ni miongoni mwa ishara za mavuno zilizoenea sana katika sanaa ya Ulaya. Chimbuko lake ni visasili vya Wayunani. Kisasili kimoja kinaihusisha na Amalthea, mbuzi aliyemnyonyesha Zeus alipokuwa mchanga. Kingine, ambacho Ovid anakisimulia katika kitabu cha tisa cha Metamorphoses, kinaeleza jinsi Achelous, mungu wa mto aliyejigeuza fahali, alivyovunjwa pembe na Hercules. Majini wa kike wa mto wakaijaza matunda na maua. Kwa kuwa taswira hii imezoeleka, ni rahisi kudhani kuwa inaeleweka vivyo hivyo kila mahali. Hoja ya sehemu hii ni kwamba katika Kiswahili haieleweki hivyo, na kwamba neno pembe lenyewe ndilo linaloikwamisha.

Kwa mujibu wa Peirce, ishara ya aina hii hupata maana kutokana na mazoea ya wanaoitumia. Katika Kiswahili, pembe ni silaha ya mnyama, ni jino la ndovu, na ni kona. Maana ya pili ndiyo yenye historia nzito Pwani. Katika karne ya 19, misafara kutoka bara ilivuka Mto Ruvu, ambao wageni waliuita Kingani, ikaishia Bagamoyo. Kutoka hapo pembe zilipakiwa majahazini kwenda Unguja. Zilibebwa mabegani na wapagazi, na baadhi ya wabebaji walikuwa watumwa. Hivyo, msomaji wa Vigwaza, kata iliyo kando ya barabara ya Morogoro, anapoambiwa kuwa pembe ni alama ya neema, ana haki ya kuuliza: neema ya nani? Pembe ile haikumwaga kitu. Ilitwaliwa, na mnyama akafa.

Pembe nyingine iliyotukuzwa Uswahilini ni siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu na ya Lamu ni ya shaba. Zote zilipulizwa katika shughuli za watawala na waungwana. Siwa hutoa sauti, haitoi chakula, na maana yake ni mamlaka.

Mfano unaoweza kutolewa kupinga hoja hii ni Nembo ya Taifa la Tanzania. Humo mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, na miguuni pao kuna karafuu na pamba. Mhakiki aliyezoea michoro ya Ulaya huenda akaona pembe na mazao, akahitimisha kuwa hii ni pembe ya neema. Usomaji huo ni wa haraka mno. Katika nembo ya Peru pembe humwaga sarafu za dhahabu. Katika ile ya Kolombia pembe mbili humwaga sarafu na matunda. Pembe za nembo ya Tanzania hazimwagi chochote. Zimesimama pembeni mwa ngao (na neno pembeni lenyewe limetokana na pembe), ilhali mazao yako chini, na ndani ya ngao mna jembe na shoka. Asili ya mavuno, basi, imeoneshwa waziwazi: ardhi, mikono na chuma.

Ishara ya shibe iliyokita mizizi katika Kiswahili ni chombo: ghala, kihenge, ungo, pishi, kibaba. Methali isemayo “haba na haba hujaza kibaba” inakinzana moja kwa moja na pembe ya neema, kwa kuwa chombo hakijijazi, na ukubwa wake unajulikana. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Pishi hiyohiyo ndiyo hupimiwa zaka ya fitri, hivyo kipimo cha mwenye ghala kimebeba pia fungu la maskini. Pembe ya Ulaya haina kipimo wala mvunaji, na huo ni udhaifu mkubwa kwa ishara inayodai kuwakilisha mavuno. Hata mwana hiti wa Wazaramo na Wakwere, kinyago kinachohusishwa na uzazi na mafunzo ya mwali, hutoa ahadi inayodai malezi.

Hata hivyo, kuna sehemu moja ya kisasili inayoweza kuhamia Kiswahili bila kulazimishwa. Diodorus na Strabo walikifasiri kisa cha Achelous kuwa ni habari ya mto uliodhibitiwa: pembe iliyovunjwa ni mkondo uliogeuzwa au kuzuiwa kwa tuta, na neema ni ardhi iliyopatikana kwa kilimo. Hapa maana ya tatu ya pembe, yaani kona, inafanya kazi ambayo jino la ndovu haliwezi kuifanya. Kwa wakulima wa bonde la Ruvu, mto ambao maji yake huvutwa pia Mlandizi na Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, swali la nani ananufaika na mto uliodhibitiwa halihitaji tanbihi. Mfasiri anayetaka kuileta pembe ya neema katika Kiswahili aanzie hapo, amwache mbuzi wa Zeus.