Kisu Hakiangaliwi Usoni

Kisu cha kwanza nilichokinunulia kikundi chetu cha vijana kiling'aa mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Mpini ulikuwa wa mbao nyekundu, na muuzaji alikiinua juani ili soko lote likione. Nililipa bila kubishana sana. Wiki ya pili, kijana mmoja alikuwa anachonga mwiko kwa mti wa mathenge, kisu kikateleza, kikamkata kidole gumba. Kidonda kilipona. Lakini mama yake aliniuliza swali moja tu: "Ni wewe ulichagua hiyo kisu?"

Ni mimi. Ndiyo maana naandika uchambuzi huu. Najua hapa tumezoea kuchambua mashairi na michezo ya kuigiza, na mtu atasema kisu si sanaa. Lakini kisu cha kufuliwa kwa mkono kina mtu aliyekitunga, na kama shairi, kinaweza kuwa kizuri juu juu na ndani hakuna kitu.

Tuanze na chuma. Visu vingi vya mafundi wetu hapa Kakuma vinatoka kwenye springi za lori, zile bapa za chini ya gari. Ni chuma kizuri. Kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta, halafu kikarudishiwa moto kidogo ili kisivunjike ovyo, kinashika makali vizuri. Kwa hiyo kila muuzaji atakwambia "hii ni springi," na wengi wanasema kweli. Ila springi peke yake haitoshi. Chuma kilekile kinaweza kutoa visu vitatu vyenye tabia tofauti kabisa.

Haya nilifundishwa na fundi mmoja mzee, Mkongomani mwenzangu. Nilimpelekea kile kisu, nikamwamkia, nikamweleza yaliyotokea. Mpini hakuutazama hata kidogo. Alifumba jicho moja, akakitazama kisu kutoka kwenye ncha, akasema: "Mutoto wangu, kisu unaiangaliaka ku tumbo, haiko ku uso."

Tumbo, kwa maneno yake, ni ule ubavu unaoshuka kutoka mgongo wa kisu hadi kwenye makali. Yapo ya aina tatu.

La kwanza ni tumbo lililoingia ndani. Linatokana na kusaga kwa gurudumu: mviringo wa jiwe unachimba ubavu, na makali yanabaki membamba sana. Nyembe za zamani za vinyozi, zile za kukunja, zilisagwa hivyo. Kisu cha namna hii kinachuna mbuzi vizuri ajabu. Lakini nyuma ya makali hakuna chuma cha kuyashikilia, kwa hiyo kikigonga mfupa au fundo la mathenge, kinapata pengo. Kisu changu kilikuwa hiki. Tena karibu na mpini, pale msasa haukufika, kulikuwa na rangi ya bluu. Chuma kinapata rangi hiyo kikifika karibu digrii 300 za joto, na kama imefika kwenye makali, jua ugumu umepungua. Kisu kama hicho kinakuwa butu haraka, anayechonga anasukuma kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo mkono unapoumia.

La pili ni tumbo lililonyooka. Ubavu unashuka sawasawa kutoka mgongoni hadi chini. Hiki ni kisu cha jikoni: kitunguu, sukuma wiki, nyama. Kina ndugu yake ambaye ubavu wake unabaki mnene, halafu karibu na makali unashuka kwa mteremko mmoja mpana. Watu wa Skandinavia wanachongea mbao kwa visu vya hivyo. Faida yake ni mbili. Ule mteremko unalala wenyewe juu ya jiwe la kunolea, kwa hiyo hata anayeanza hapotezi pembe. Na unalala juu ya mti, unaongoza mkono. Kikundi chetu kilihitaji hiki.

La tatu ni tumbo lililotoka nje, kama la shoka. Makali yana chuma kingi nyuma yake, yanavumilia kupigwa. Kwa kukata matawi ya uzio, hakuna zaidi yake. Kwa kumenya viazi, utachoka.

Sasa utajuaje pale sokoni? Chukua kadi yoyote ya plastiki yenye ukingo ulionyooka. Uweke ukingo ubavuni mwa kisu, kutoka mgongoni hadi kwenye makali, ukielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati, tumbo limeingia. Kadi ikiyumbayumba, limetoka. Ikilala kimya, limenyooka. Muuzaji akikasirika, rudisha kisu chake, mwage.

Wenyeji wetu Waturkana wanalijua hili kuliko sisi. Tazama abarait, kisu chao cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono kama bangili. Makali yako pembeni kuzunguka duara, na yanafunikwa kwa ala ya ngozi mpaka wakati wa kazi. Aliyekitunga alimfikiria mtu anayetembea na mifugo, anayetaka kisu kiwe karibu na vidole vyake viwe huru. Kazi ilitangulia, umbo likafuata.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa nawagusa kidogo, na mimi najigusa pia. Tukinunua vifaa vya vijana, karatasi inauliza ni vingapi na bei gani. Kwenye ripoti yangu niliandika "kisu kimenunuliwa," na ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza ni cha kukata nini, na mimi sikujiuliza.

Baadaye yule mzee alitufulia kisu kingine. Ni cheusi, hakijapigwa msasa, na hakuna atakayekiinua juani. Nacho sikisifu chote: ncha ni nene mno kwa kuchimba kikombe cha kijiko, na mpini una kona zinazochosha kiganja, tukaupunguza wenyewe kwa tupa. Lakini kinakata pale unapokielekeza.

Yule kijana bado anakuja kila Jumamosi. Anasugua miiko kwa msasa tu, kwa sababu mama yake hajamruhusu kushika kisu, na siwezi kumlaumu mama. Siku akikubali, sitamchaguliа mtoto wake kisu. Nitampa kadi, achague mwenyewe, na mama akiwepo.