Mahali pa Sharti

Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, ni nchi ya lugha zisizo na nasaba moja. Kiiraqw ni cha Wakushi, Kidatooga ni cha Waniloti, Kinyiramba ni cha Wabantu, na Kihadzabe cha bonde la Yaeda hakina ndugu anayejulikana kwa yakini. Wenye lugha hizi wote huahidi, huonya na huwekeana masharti, lakini kila lugha ina mahali pake pa kulitia sharti. Fundi wa kupatambua mahali hapo ni mwanasarufi, nami naona sifa zake husemwa kwa uchache mno.

Kiswahili hulificha sharti ndani ya kitenzi. Mvua ikinyesha, tutapanda; ingenyesha, tungepanda; ingalinyesha, tungalipanda. Silabi moja au mbili hutenga tumaini na majuto. Kituruki hulipeleka mkiani: *gelirse* ni akija, *gelseydi* ni angalikuja.

Kiiraqw kina njia nyingine. Kabla ya kitenzi hutangulia neno dogo linalobeba nafsi ya mtenda, na sharti hujishika hapo kwa kiambishi *bar-*. Kati ya neno hilo na kitenzi yambwa huweza kukaa. Hivyo msikilizaji hujua mapema kwamba anayoambiwa bado hayajawa, kabla hata ya kusikia ni tendo gani.

Elimu hii haikupatikana kwa kuuliza tu, “kama” mnasemaje? Anayeulizwa hivyo kwa Kiswahili huweza kujibu kwa mpangilio wa Kiswahili. Fundi hukaa penye hadithi, mashauri na baraka za wazee, akaandika kila kauli pamoja na toni yake, maana katika Kiiraqw toni ya juu mwishoni mwa nomino hutangaza kwamba maelezo yake yanafuata. Asiyeisikia atakosa kishazi kizima.

Wilfred Whiteley alichapisha maelezo mafupi ya lugha hii mwaka 1958. Maarten Mous akatoa sarufi kamili mwaka 1993, na mwaka 2002 yeye, Roland Kießling na Martha Qorro wakatoa kamusi. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na sehemu kubwa yake ni ya wasemaji waliovumilia kuulizwa jambo lile lile tena na tena.

Naithamini kazi hii kwa sababu mahari, mipaka ya shamba na mapatano ya malisho husimama juu ya sharti. Anayelisikia vibaya hupotosha ahadi ya mtu. Kwa hiyo mwalimu wa Dongobesh au Katesh anastahili kuwa na sarufi ya lugha ya wanafunzi wake mezani, iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kijana wa huko anastahili kufunzwa ufundi huu ili sarufi ijayo aiandike yeye.