Kanda ya C60 mbele ya kromu

Mtu wa Morogoro aliyetaka kumsikiliza mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe nyumbani kwake miaka ya 80 hakuwa na njia nyingi. Mbaraka alishafariki Januari 1979, santuri hazikuwa zikitengenezwa nchini, na mpaka wa Kenya, zilikokuwa zikitoka, ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Kilichobaki ni Radio Tanzania Dar es Salaam, redio kaseti na kanda tupu.

Wenye fedha walikimbilia kanda za kromu. Mimi naona walipoteza. Utepe wa kromu unataka umeme mwingi zaidi wakati wa kurekodi na wa kufuta, ilhali redio kaseti nyingi za kubeba mkononi zilitengenezewa utepe wa kawaida wa oksidi ya chuma. Matokeo yake sauti nyembamba huchoma masikio, na ukirekodi juu ya wimbo wa zamani, ule wa zamani unabaki ukinong'ona chini yake. Tena, matangazo ya masafa ya kati hayabebi sauti ya juu zaidi ya kama kilohezi 5. Ule wembamba uliolipiwa kwenye kromu haukuwahi kufika Morogoro. Kama kulikuwa na mluzi kwenye kanda, kosa halikuwa la kanda: umeme wa kurekodia unagongana na mawimbi ya redio, ndiyo maana baadhi ya redio zina kiswichi kidogo nyuma cha kuuhamisha mluzi huo.

Urefu ndio uliokuwa na maana. C60 inacheza dakika 30 kila upande, na utepe wake una unene wa kama maikroni 18. C90 ni kama 12. C120 ni 9 tu, na redio yenye kigurudumu cha mpira kilichochakaa huila bila huruma; unatoa kanda na mita nzima ya utepe inabaki ndani.

Kisha gamba. Geuza kanda uangalie pale utepe unapopita mbele ya hedi: nzuri ina kipande cha sufu kilichokaa juu ya kibati chembamba cha shaba. Ya bei rahisi ina sponji iliyogandishwa kwa gundi, na joto la Morogoro mjini likiilegeza gundi ile, sponji inadondoka na wimbo unafifia.

Milimani adui ni unyevu. Kinole na Matombo, upande wa Uluguru unaotazama bahari, hupata mvua nyingi, na kanda iliyokaa kabatini huota ukungu mweupe unaoonekana kupitia kidirisha. Ukiicheza hivyo unauhamishia kwenye hedi, na hedi inauambukiza kila utepe unaofuata. Hapo gamba lililofungwa kwa skrubu tano lilikuwa na thamani kuliko jina la kampuni: unafungua, unapangusa utepe taratibu kwa kitambaa kikavu, unauhamishia kwenye gamba safi. Gamba lililogandishwa kwa gundi lazima ulivunje, na mara nyingi utepe unakatika humo humo.

Ukishapata wimbo unaoutaka, vunja vile vijino viwili vya mgongoni kabla wadogo zako hawajabonyeza kitufe chekundu. Ukibadili mawazo, kipande cha karatasi ya gundi kinaziba tundu na kanda inarekodi tena.