Nusu ya nyutroni imetoka wapi?

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anafanya kazi ya tafsiri, aliniletea rasimu ya kijitabu cha kemia alichokifasiri kwa Kiswahili. Alitaka nimkagulie sarufi tu. Sarufi nimeikagua, haina neno. Kilichonikwaza ni istilahi.

Katika somo la atomu, rasimu inaelekeza hivi: ili kupata idadi ya nyutroni, chukua uzito wa atomu kisha utoe nambari ya atomu. Sentensi imenyooka. Hebu basi tuitie kazini. Nambari ya atomu ya klorini ni 17. Jedwali la elementi lililo mwishoni mwa kijitabu hichohicho linasema uzito wa atomu ya klorini ni 35.5. Toa 17, unabaki na 18.5. Nyutroni kumi na nane na nusu! Hiyo nusu imetoka wapi? Nyutroni haikatwi kama mkate.

Mtoto atakayeandika jibu hilo atakosolewa, pengine aambiwe kwamba hajui hesabu. Hesabu anaijua sana. Aliyempotosha ni mfasiri.

Mfasiri ametwika neno moja dhana mbili. Dhana ya kwanza ni jumla ya protoni na nyutroni zilizomo katika kiini cha atomu moja. Elektroni hazimo katika jumla hiyo, maana ziko nje ya kiini, na masi ya protoni moja ni takriban mara 1,836 ya masi ya elektroni. Jumla hii hupatikana kwa kuhesabu, kwa hivyo haiwezi kuwa na desimali. Dhana ya pili ni wastani wa masi za atomu za elementi hiyo jinsi zinavyopatikana katika maumbile. Katika kila atomu nne za klorini, takriban tatu zina jumla ya 35 na moja ina jumla ya 37. Chukua 35 mara tatu, ongeza 37, gawa kwa nne: 35.5. Sasa toa 17 katika 35, upate nyutroni 18. Toa 17 katika 37, upate 20. Nusu imetoweka.

Kiswahili hakikukosa maneno ya kutenganisha mambo haya. Tunasema nambari ya simu na nambari ya kitambulisho, lakini idadi ya watu na idadi ya kura. Nambari hutambulisha, idadi huhesabu. Ndiyo maana 'nambari ya atomu' inafaa: kila atomu yenye protoni 17 ni klorini, hata ikiwa na nyutroni ngapi. Ile jumla ya kiini iitwe 'idadi ya masi', na 35.5 iitwe 'wastani wa masi ya atomu'. Neno 'uzito' tuwaachie wanafizikia, ambao kwao ni nguvu ya mvutano.

Mtego wa pili uko kwenye ioni. Rasimu inasoma alama ya ioni ya sodiamu kuwa 'sodiamu jumlisha'. Mwanafunzi mtiifu atajumlisha: atomu ilikuwa na elektroni 11, basi sasa ni 12. Kumbe ioni hiyo imepoteza elektroni moja na kubaki na 10. Protoni zake 11 zimezizidi, ndiposa chaji ikawa chanya. 'Jumlisha' ni amri, 'chanya' ni sifa. Mfasiri akichanganya amri na sifa, hesabu nzima huenda mrama.

Wapo wanaosubiri makosa ya aina hii ili waseme, si mnaona, Kiswahili hakiwezi sayansi! Nami naona lugha inasingiziwa. TUKI walichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na shughuli ya kuunda istilahi haikuanza jana. Tunachokosa mara nyingi ni mfasiri anayekubali kukaa chini na kalamu, akafanya lile zoezi analolifasiri.

Rasimu nimemrudishia mwenyewe, pamoja na swali la klorini. Nimemwambia alifanye kwa kufuata maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Akipata nusu, asichapishe.